Maziwa ya jioni na kerneli 6.6

Simu iliingia saa 12 na dakika kama kumi asubuhi, ilikua April 2024, masika imechachamaa, mi niko Moshi mjini bado kitandani. Alikua mama wa kituo cha kukusanyia maziwa huko juu upande wa Machame. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, afu akanyamaza kidogo ndo akasema, "Baba, maziwa ya jioni yote yameharibika. Na king'ora chako hakikulia."

Aisee sitaisahau ile sauti. Hakugomba hata kidogo, na mi ningejisikia afadhali angegomba.

Ngoja nieleze kwanza kile kitu chenyewe. Pale kituoni kuna tangi la kupoozea maziwa, akina mama wanaleta asubuhi na jioni, wengine ng'ombe mmoja tu yuko nyuma ya nyumba kwenye kihamba, lita nne, lita sita, yanamiminwa humo yapoe mpaka nyuzi 4 afu gari inakuja kubeba asubuhi. Mi nliwawekea kikompyuta kidogo cha bodi moja, Raspberry Pi 3B+, ndani ya sanduku la plastiki lile la mafundi umeme, kina betri yake ya volti 12 na chaja, na sensa ya joto ya DS18B20 imezamishwa kwenye mfuko wa tangi. Joto likipanda juu ya nyuzi 10 kwa zaidi ya saa moja na nusu, rilei, yani swichi inayoendeshwa na kikompyuta, inajifunga, king'ora kinalia, mlinzi anaamka anaangalia kompresa au anawasha jenereta. Meseji ya ripoti inaenda kwa mwenyekiti saa 12 asubuhi. Kazi yake ndo hiyo tu, na ilifanya kazi hiyo miezi kadhaa bila mtu kuigusa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa 3 hivi, fezi moja ya umeme ilikatika. Moja tu. Taa za nje zikaendelea kuwaka kama kawaida kwahiyo mlinzi hakua na sababu ya kushtuka, lakini kompresa inatumia fezi tatu, ikasimama. Maziwa ya jioni ndo kwanza yalikua yameingia, bado ya moto. Asubuhi dereva wa gari akachota kidogo akachanganya na spiriti kwenye kile kikombe cha kupimia, yakaganda mabonge hapo hapo, akafunga mfuniko akaondoka. Karibu lita mia tatu.

Nikafungua laptop nikaingia kwenye sanduku kupitia modemu. Na hapa ndo palinichanganya, maana kila kitu kilikua kizima. Mashine imewaka masaa kumi na kitu, sensa inasoma, grafu ipo yote, unaona kabisa mstari umepanda saa 3 na kukaa huko mpaka asubuhi. Faili la sensa linasema t=19437, yani nyuzi 19.4. Skripti, yani programu ndogo niliyoiandika, imeona joto limepanda, imeandika kwenye logi, lile faili lake la kumbukumbu, "washa king'ora", na mstari unaofuata: write error: Invalid argument. Na chini yake tena. Na tena, kila dakika, usiku mzima. Ile mashine ilikua inajaribu kupiga kelele usiku kucha na hakuna aliyesikia.

Nliijua sababu kabla sijamaliza kusoma, sababu jioni ile ile, kama saa 1, mi mwenyewe nlikua nimeiapdeti.

Kwanini niliapdeti, hilo ndo somo lenyewe. Modemu ya zamani pale kituoni ilikua ya 3G, imechoka, inakatika katika. Nikanunua nyingine ya 4G hapa mjini, nikaijaribu nyumbani kwenye bodi yenye mfumo ule ule, haitambuliki, USB inaiona kama kifaa tu ila hakuna bandari ya kutumia meseji inayotokea. Nikatafuta nikakuta kwamba namba ya utambulisho ya modemu ile imeongezwa kwenye draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya matoleo mapya ya kerneli, yani kile kiini cha mfumo wa Linux kinachoongea na vifaa, na kwenye toleo 6.1 niliyokua nayo haimo. Nikaapdeti bodi ya nyumbani, kerneli ikapanda 6.6, modemu ikashika pale pale. Safi. Nikasema basi naiapdeti na ya kituoni usiku huu huu kwa kutumia modemu ya zamani, kesho napanda na modemu mpya nachomeka tu narudi. Nikapiga apt full-upgrade, komandi ya kupandisha mfumo wote, nikaribuuti, ikarudi, nikaangalia joto linasoma, nikaenda kula. Bodi ya nyumbani haikua na rilei. Hilo tu. Nliijaribu modemu, sikujaribu king'ora, kwasababu kichwani mwangu king'ora na modemu havina undugu.

Kumbe vina undugu kwenye kerneli. Skripti yangu ilikua inawasha pini 17 ya bodi, ile yenye waya wa rilei, kwa njia ya kizamani, unaandika 17 kwenye /sys/class/gpio/export afu unaendelea. Kwenye 6.1 ya Raspberry Pi pini zilikua zinahesabiwa kuanzia 0, kwahiyo 17 ni 17. Kwenye 6.6 hesabu inaanzia 512. Pini ile ile, waya ule ule, sasa inaitwa 529. Ukiandika 17 kerneli inakujibu hamna kitu kama hicho. Sensa ya joto haikuguswa na hilo maana yenyewe inatajwa kwenye faili la mipangilio, config.txt, na kerneli inaipanga yenyewe, ndo maana grafu ilikua inapendeza. Na wala sio kwamba sikuambiwa, njia ile ya export ilitangazwa ya kizamani tangu kerneli 4.8, mwaka 2016, mi nlikua naikopi toka skripti hadi skripti kwasababu inafanya kazi.

Nikabadilisha 17 kuwa 529, nikasikia kwenye simu king'ora kinalia nyuma ya mama, nikazima. Dakika mbili. Afu nikachukua bodaboda nikapanda, matope mpaka magotini sehemu zingine, kwasababu jambo kama lile huwezi kulimaliza kwa simu. Niliwakuta akina mama wamekaa kwenye benchi na ndoo zao. Nikawaeleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba kosa ni langu, nlibadilisha kitu usiku bila kukijaribu chote, na nitachangia hasara, na nlichangia.

Tangu siku ile nimekua nafikiria sana hili neno "imara", maana mi nlikua natamba kwamba nimeweka mfumo imara, Debian 12, aina ya Linux, na Debian inasifika kwa hilo. Ni kweli. Lakini Debian 12 yenyewe ile ya asili ilitoka June 2023 ikiwa na kerneli 6.1 na inabaki na 6.1 hiyo hiyo, wanaiziba viraka tu. Raspberry Pi OS, mfumo wa bodi hizi, ile niliyokua nayo ilijengwa juu ya Debian 12, ila kerneli wanaitengeneza wao na wanaipandisha katikati ya toleo, 6.1 ikaja 6.6 March 2024, afu 6.12 mwaka 2025. Na ukiangalia kwanini, wana sababu. Pi 5 ilitoka October 2023, chip mpya, kila kitu kipya, inahitaji kerneli inayokimbia nayo. Mfumo ule ule ndo unaohudumia Pi 3 yangu ya Machame. Kwahiyo mwenye bodi mpya anasaidiwa na mwendo ambao mwenye bodi ya zamani hauhitaji kabisa, na wote tunapiga komandi moja. Hakuna anayemkosea mwenzie hapo, ila we mwenye sanduku mlimani lazima ujue uko upande gani kati ya hizo mbili.

Na kitu kilichoniuma zaidi nilikijua baadae. Ile modemu haikuhitaji kerneli mpya. Ilikua inahitaji namba mbili. Draiva ya modemu za aina ile ilikuwepo kwenye 6.1 siku zote, inaitwa option, ilichokosa ni kujua tu kwamba kifaa chenye namba fulani ni cha kwake, na unaweza kumwambia mwenyewe: unaipakia ile draiva kwa modprobe, unaandika namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa kwenye /sys/bus/usb-serial/drivers/option1/new_id, mstari mmoja, ukiuweka kwenye sevisi ndogo ya kuwashia inafanya kila inapowaka. Mi nlibadilisha moyo wa mashine ili itambue kidole. Sasa hivi mteja akiniletea kifaa kipya hakishiki, swali la kwanza ninalojiuliza ni kipande gani kidogo kabisa cha upya kinachohitajika hapa. Mara nyingi ni namba kama hivyo, au faili moja la firmuwea (programu inayoingia ndani ya kifaa chenyewe) linalotakiwa kukaa kwenye /lib/firmware, au mstari wa dtoverlay kwenye config.txt. Kupandisha kerneli nzima huwa kunakuja mwisho.

Na kuna wakati jibu ni kununua kitu kingine kabisa. 2022 kuna shule huko Kibosho walitaka seva ya masomo bila intaneti, ile Kolibri, watoto waunganishe tableti kwa waifai. Mnakumbuka kipindi kile Pi hazipatikani, uhaba wa chip ulianza 2021 ukaenda mpaka 2023, ukiipata bei yake haisemeki. Nikanunua bodi ya kampuni ingine, nzuri kwa karatasi, ina waifai yake humo humo. Mfumo unapakua kwenye folda ya mtengenezaji, kerneli yake 4.9. Ikafanya kazi vizuri, nisiseme uongo, mwaka mzima haijasumbua. Shida ni kwamba 4.9 ilitoka December 2016 na January 2023 ikafika mwisho wa matengenezo, na hapa watoto mia na kitu wanaunganisha vifaa vyao kila siku, siwezi kuacha mlango ambao hakuna tena mtu wa kubadili kitasa. Nikaweka Armbian, mfumo mwingine wa Linux wa bodi kama hizi, yenye kerneli mpya. Ikabuti mara ya kwanza, USB ipo, tundu la waya la mtandao lipo, HDMI ipo. Waifai hamna. Draiva ya ile chip ya waifai ilikua inaishi ndani ya ile 4.9 ya mtengenezaji tu, haijawahi kupelekwa kwenye kerneli kuu, ile ya Linux yenyewe inayotumika na wote.

Nlikaa na hiyo bodi wikendi mbili. Nikapata draiva ambayo mtu amejitolea kuitengeneza pembeni, ukiikompaili, yani ukiijenga mwenyewe kutoka kwenye kodi yake, inakubali, ukiapdeti kerneli inakufa mpaka uikompaili upya, na siku ingine inagoma kukompaili kabisa sababu ndani ya kerneli wamebadilisha kitu. Jumapili jioni ya wiki ya pili nikaizima. Jumatatu nikanunua waya wa mtandao mita kumi, nikachukua rauta ya zamani iliyokua imekaa bure kabatini kwangu, nikaifanya ndo itoe waifai, bodi ikaingia kwa waya. Iko hivyo mpaka leo. Kerneli inapanda inavyotaka, waya haujali. Mwalimu mkuu aliniuliza kwa upole mbona tulinunua bodi yenye waifai afu tumeongeza rauta, nikamjibu mwalimu, ile waifai ilikua inatufunga kwenye mfumo uliozeeka, na hii rauta ikifa unanunua ingine dukani siku hiyo hiyo. Akaelewa.

Toka hapo nikinunua bodi sisomi kwanza kasi wala ram. Natafuta jambo moja: je, tundu zake zote ninazohitaji zinafanya kazi kwenye kerneli kuu isiyo ya mtengenezaji? Kama jibu ni "karibu zote" naangalia hiyo moja iliyobaki ni ipi.

Mi sio mpinzani wa vitu vipya, msinielewe vibaya. Mwaka jana shule ingine hapa mjini nimewawekea Pi 5 kabisa, na diski ya SSD imekaa kwenye ile njia ya kasi ya PCIe, tofauti na kadi ya SD unaiona kwa macho, video arobaini zinafunguka pamoja. Lakini angalia mahali penyewe. Ni dakika kumi na tano kwa mguu toka kwangu, haina rilei wala sensa, ikigoma hakuna maziwa yanayoharibika, mwalimu ananipigia naenda. Pale upya unalipa. Hata hivyo ilinifundisha adabu, maana nlidhani nitatoa kadi ya Pi ya zamani niichomeke, haikuwaka, Pi 5 haikubali mfumo wa zamani kuliko Bookworm, ndo jina la ile Debian 12. Na pini zake zote sasa ziko nyuma ya chip ingine inaitwa RP1, kwahiyo ile laibrari ya kuendeshea pini, RPi.GPIO, ambayo nusu ya mafundi tunaijua kwa kichwa haishiki pale. Na umeme, inataka ampea 5, ukiipa adapta ya ampea 3 inawaka vizuri tu ila USB zote kwa pamoja inazibana kwenye miliampea 600, ukichomeka diski ya nje inakatika katika unadhani diski ni mbovu. Ningeipeleka Machame kwenye kikata volti changu cha ampea 3 ningezunguka nayo wiki nzima.

Sa hizi ninavyofanya ni hivi. Kila sanduku lililoko mbali lina pacha wake kwenye meza yangu, bodi ya toleo lile lile, rilei ile ile, sensa ile ile, modemu ile ile, hata king'ora nimeweka kidogo majirani wanisamehe. Kwenye sanduku la mbali kerneli imeshikwa, sudo apt-mark hold linux-image-rpi-v8, na raspi-firmware nayo naishika, afu vitu vingine vyote vinaendelea kupata viraka vya usalama kama kawaida. Pacha wa mezani hajashikwa, anapanda kila kinachotoka. Namwangalia wiki sita, na kila Jumapili natoa sensa kwenye maji ya baridi naiweka kwenye ya uvuguvugu nasubiri king'ora kilie. Sisomi logi. Nasubiri nisikie kwa masikio.

Kuna wenzangu waliniambia kushika kerneli ni kuacha matundu wazi, na nakubaliana nao, ndo maana siishiki milele, ni miezi mitano, sita, afu inapanda kwa mkupuo mmoja iliyojaribiwa. Pia lile sanduku halina mlango wowote unaoangalia nje, naingia kwa WireGuard tu, njia ya mtandao iliyofungwa kwa funguo, na hamna mtu mwingine anayelala humo. Seva ya shule yenye watoto mia siishiki hata siku moja. Kwa sanduku la maziwa nimepima nikaona hatari ya king'ora kunyamaza ni kubwa kuliko ya mwizi wa mtandaoni, kwa lile la shule ni kinyume chake.

Skripti nayo niliandika upya. Haitaji namba tena, inauliza kwa jina, gpiofind GPIO17, kerneli ndo inajibu iko wapi. Na ikishindwa kuwasha rilei haikai kimya na logi yake, inatuma meseji kwa watu watatu hapo hapo. Kwenye masanduku yenye Pi 4 nimeanza kutumia tryboot, unaiambia bodi jaribu kubuti hii kerneli mpya mara moja tu, ikiganda mtu akizima na kuwasha inarudi yenyewe kwenye ile ya zamani. Ni kitu kizuri sana, nashangaa kwanini hatukitumii wengi.

Lakini chenye maana kuliko vyote hivyo ni kadi ya pili ya SD, ile inayobeba mfumo wote. Ndani ya mfuniko wa sanduku la Machame nimebandika kwa selotepu kadi ya akiba, nakala kamili ya ile inayofanya kazi, ndani ya kimfuko, nje nimeandika kwa kalamu ya wino mzito AKIBA. Niliona aibu mwanzoni kumfundisha mama wa kituo kubadilisha, nikidhani ntamsumbua na mambo yangu. Tukakaa mchana mmoja. Kwanza anazima swichi nyekundu ya betri, anahesabu mpaka kumi, anasukuma kadi ya zamani itoke, anaiweka mfukoni isipotee, anaingiza ya akiba maandishi yakiangalia kwake, anawasha, anasubiri taa ya kijani ipepese. Alirudia mara tatu. Mara ya nne akaniambia mwanangu hii ni rahisi kuliko kubadilisha gasketi ya mlango wa tangi, tena mikono yangu ni midogo kuliko yako. Kweli vidole vyake viliingia kwenye ile nafasi bila kung'oa waya wa sensa, vyangu huwa naung'oa kila mara.

November iliyopita radi ilipiga usiku, sanduku likagoma kuwaka. Saa 1 asubuhi nlikua nimeshavaa buti za mvua nataka kutoka, simu ikaita. "Nimeweka ile ya akiba. Ya kijani inapepesa. Subiri nikusomee joto." Nikamsikia anafungua mfuniko, akasoma kile kioo kidogo taratibu, tarakimu moja moja: nne, nukta, moja, mbili, tano.

Kadi iliyotoka ilikua imeharibika faili lake la mfumo, niliitupa. Wiki ile ile nikapeleka akiba mpya. Sasa hivi Machame iko kwenye 6.6, imeshikwa. Pacha wake hapa mezani yuko kwenye 6.12, ameshamaliza wiki nne, king'ora kimelia Jumapili zote nne. Barabara ikikauka napanda nayo mwenyewe, na ile kadi ya 6.6 nitaiacha pale pale kwenye mfuniko, chini ya selotepu, na tarehe mpya.